Kujiandaa kwa Shahada ya Uzamili Ungali Chuoni

Madhumuni ya somo

Somo hili limeandikwa kwa ajili ya mwanafunzi wa shahada ya kwanza nchini Tanzania anayekusudia kuendelea na shahada ya uzamili, ambayo baadhi ya vyuo huiita shahada ya umahiri. Limeandikwa pia kwa ajili ya mzazi au mlezi, ambaye mara nyingi ndiye atakayeulizwa habari za ada. Baada ya kulisoma, msomaji aweze:

(a) kueleza ni kitu gani hasa anachokwenda kukilipia;
(b) kukokotoa ufaulu anaouhitaji angali na muda wa kuupata;
(c) kuhakiki chuo, programu na ufadhili kabla ya kutoa fedha, na
(d) kutambua huduma ambazo haipasi kuzinunua kwa bei yoyote.

Wanafunzi wengi huanza kufikiria uzamili baada ya mahafali. Kwa bahati mbaya, wakati huo mambo matatu yanayotazamwa zaidi na kamati za udahili huwa yamekwisha fungwa: alama, kazi ya utafiti, na heshima ya mwanafunzi mbele ya wahadhiri wake. Kinachobaki ni haraka. Na mtu mwenye haraka, aliye tayari kulipa ili afidie muda uliopotea, ndiye mteja anayetafutwa na matapeli. Kwa sababu hiyo, maandalizi ya mapema ni kinga ya mlaji kama yalivyo maandalizi ya kitaaluma.

1. Unanunua nini?

Katika mfumo wa tuzo za elimu nchini, shahada ya kwanza ipo ngazi ya 8, uzamili ngazi ya 9 na uzamivu ngazi ya 10. Hata hivyo, ndani ya ngazi hiyo ya 9 bidhaa si moja. Ipo programu ya masomo ya darasani pamoja na tasnifu, na ipo ya utafiti peke yake, ambapo mwanafunzi huandika tasnifu ndefu chini ya msimamizi. Ya kwanza humfaa anayetaka kupanua maarifa ya kazi au kubadili mwelekeo. Ya pili humfaa anayejua tayari swali analotaka kulichunguza. Mwanafunzi anayechagua programu ya utafiti kwa sababu tu ada yake ni nafuu huweza kukaa miaka mingi bila kumaliza, na kila mwaka unaoongezeka una gharama yake.

Swali la pili ni kama uzamili ndio unaohitajika. Mhitimu wa sheria anayetaka kuwa wakili anahitaji kwanza kupitia Shule ya Sheria kwa Vitendo. Shahada ya uzamili haiwezi kuchukua nafasi ya mafunzo hayo. Mhitimu wa uhasibu anayetaka kutambuliwa kama mhasibu aliyeidhinishwa anahitaji mitihani ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu (NBAA). Kwa upande mwingine, anayetaka kufundisha chuo kikuu hana njia ya kuukwepa uzamili. Kabla ya kuendelea, msomaji asome matangazo ya kazi kumi ya kazi anayoitamani na kuandika sifa zinazotajwa. Zoezi hilo halina malipo, nalo limewaokoa wengi na gharama ya mamilioni ya shilingi.

2. Hesabu ya ufaulu huanza mwaka wa kwanza

Vyuo vikuu vingi nchini hutumia kipimo cha wastani wa alama (GPA) chenye kilele cha 5.0. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mfano, madaraja hupangwa hivi:

- Daraja la kwanza: 4.4 hadi 5.0
- Daraja la pili la juu: 3.5 hadi 4.3
- Daraja la pili la chini: 2.7 hadi 3.4
- Ufaulu wa kawaida: 2.0 hadi 2.6

Sifa ya chini inayotajwa kwa kawaida kwa mwombaji wa uzamili ni 2.7. Lakini msomaji asichanganye sifa ya kuruhusiwa kuomba na sifa ya kushindana. Wafadhili wengi hutazama kuanzia daraja la pili la juu. Matangazo ya nafasi za wahadhiri wasaidizi katika vyuo vya umma yamekuwa yakidai GPA isiyopungua 3.8 katika shahada ya kwanza na 4.0 katika uzamili. Maana yake ni kwamba mtu anaweza kupata uzamili wenye alama nzuri, kisha akazuiwa na alama za shahada ya kwanza ambazo hawezi tena kuzibadili.

Tuchukue mfano. Mwanafunzi anasoma shahada ya miaka 3 yenye krediti 120 kila mwaka, katika chuo kinachohesabu miaka yote kwa uzito sawa. Mwaka wa kwanza amepata wastani wa 3.3. Anataka kuhitimu na 3.8.

Jumla anayoihitaji ni 3.8 × 360 = 1,368. Amekwisha kupata 3.3 × 120 = 396. Zimebaki 972, atakazozitafuta katika krediti 240. Kwa hiyo anahitaji wastani wa 4.05 kwa miaka miwili iliyobaki. Ni kazi, lakini inawezekana.

Sasa tuseme hakufanya hesabu hiyo, na mwaka wa pili nao akapata 3.3. Amekusanya 792. Zimebaki 576 katika krediti 120 tu, yaani wastani wa 4.8 kwa mwaka mzima wa mwisho. Wachache sana hufika huko. Kama lengo lake lingekuwa 3.5, angehitaji 3.6 baada ya mwaka wa kwanza, na 3.9 baada ya mwaka wa pili.

Kila mwanafunzi afanye hesabu hii mwishoni mwa kila muhula, kwa kutumia alama zake na kanuni za chuo chake. Apange nguvu zake kwenye masomo yenye krediti nyingi, kwa kuwa alama ya somo la krediti 12 huvuta wastani mara mbili zaidi ya alama ya somo la krediti 6.

Kwa yule ambaye alama zake tayari ziko chini, mlango haujafungwa wote. Baadhi ya vyuo hupokea waombaji wenye stashahada ya uzamili au uzoefu wa kazi unaothibitika. Asome masharti ya chuo husika, si maelezo ya mtu aliyesikia.

3. Watu watakaokushuhudia, na kazi utakayoionyesha

Maombi mengi ya uzamili hudai barua mbili au tatu za wadhamini wa kitaaluma. Mhadhiri aliyefundisha darasa la wanafunzi mia nne hawezi kumwandikia barua yenye maana mwanafunzi ambaye hakuwahi kumsikia akiuliza swali. Ataandika kwamba mwombaji alihudhuria na kufaulu. Na barua ya namna hiyo haimsaidii mtu.

Kuanzia mwaka wa pili, mwanafunzi ajitahidi kufahamika kwa kazi yake kwa wahadhiri wawili au watatu. Aende ofisini saa za ushauri akiwa na swali lililofikiriwa. Akirudishiwa kazi yenye masahihisho, aifanyie marekebisho na kumwonyesha mhadhiri. Akisikia kuna utafiti wa idara unaohitaji wakusanyaji wa takwimu, aombe nafasi. Haya hayahitaji kujulikana na mtu mkubwa wala kutoa zawadi.

Wakati wa kuomba barua ukifika, amfuate mhadhiri angalau wiki sita kabla ya tarehe ya mwisho, na ampe karatasi tatu: wasifu wake, matokeo yake, na maelezo ya programu anayoiomba. Mhadhiri akionyesha kusita, ashukuru na kumwendea mwingine, maana barua iliyoandikwa bila moyo hudhuru. Jambo moja liwe wazi: barua ya udhamini haiuzwi. Anayeombwa fedha ili aandikiwe barua atoe taarifa kwa uongozi wa chuo au kwa Taasisi ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa (TAKUKURU).

Tasnifu au mradi wa mwaka wa mwisho nao uchukuliwe kama sampuli ya kazi. Kamati ya udahili, hasa kwa programu za utafiti, hutaka kujua kama mwombaji anaweza kuuliza swali, kukusanya ushahidi na kuandika kwa utaratibu. Mwanafunzi aliyenunua mradi wake kwenye duka la kudurufu huwa ameuza ushahidi pekee aliokuwa nao, na siku ya usaili ataulizwa juu ya kazi asiyoifahamu.

4. Nyaraka: anza na majina

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa mwombaji wa uzamili, mali hiyo ni vyeti vyake. Tatizo linalojitokeza mara nyingi ni tofauti ya majina: cheti cha kuzaliwa kina majina mawili, cha kidato cha nne kina matatu, na kitambulisho cha taifa kina herufi moja tofauti. Tofauti ndogo kama hiyo huweza kusimamisha udahili, pasipoti au ufadhili katika wiki ya mwisho.

Mwanafunzi aweke mezani vyeti vyake vyote angali mwaka wa pili na kulinganisha majina na tarehe ya kuzaliwa, herufi kwa herufi. Palipo na tofauti, aanze marekebisho katika mamlaka iliyotoa cheti husika, au aandae hati ya kisheria ya majina kwa msaada wa wakili. Cheti kilichopotea kitolewe taarifa polisi mara moja, kwa kuwa taratibu za kupata kingine huchukua muda.

Faili la mwombaji liwe na vitu vifuatavyo:

- cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha taifa;
- vyeti vya kidato cha nne na cha sita, au stashahada;
- transkripti ya chuo, ya muda au kamili;
- wasifu wa kurasa mbili;
- barua ya malengo, na pendekezo la utafiti kwa programu zinazolidai;
- nakala za vyeti zilizothibitishwa na wakili, na
- barua ya chuo inayoeleza kwamba masomo yalifundishwa kwa Kiingereza.

Barua hii ya mwisho husahaulika, ingawa inaweza kuokoa fedha nyingi. Baadhi ya vyuo vya nje huikubali badala ya mtihani wa lugha kama IELTS au TOEFL. Basi mwombaji aulize chuo kwanza, ndipo alipie mtihani ikiwa umedaiwa. Matokeo ya mitihani hiyo hutumika kwa miaka 2 tu. Anayeufanya mapema mno hulazimika kuulipia tena.

5. Hakiki kabla ya kulipa

Kwa vyuo vya ndani, mwombaji wa uzamili hutuma maombi moja kwa moja chuoni. Hakuna dalali anayehitajika. Ahakiki mambo mawili kwa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU): kwanza, kwamba chuo kinatambuliwa, pili, kwamba programu yenyewe imeidhinishwa. Mambo haya hayafanani. Chuo kinaweza kuwa halali huku programu mpya inayotangazwa ikiwa bado haijapata idhini.

Kwa vyuo vya nje, swali la kwanza ni kama chuo kinatambuliwa na mamlaka ya nchi yake. Kenya, mamlaka hiyo ni Kamisheni ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Uganda, ni Baraza la Taifa la Elimu ya Juu. Swali la pili ni kama tuzo yake itatambuliwa utakaporudi. TCU ndiyo inayotathmini tuzo za vyuo vikuu vya nje, na mwajiri ana haki ya kudai uthibitisho huo. Aulize kwa maandishi kabla ya kuanza masomo, hasa kwa programu zinazosomwa kwa njia ya mtandao. Kuulizia baada ya kuhitimu ni sawa na kukagua gari baada ya kulilipia.

Mawakala wanaopeleka wanafunzi nje wanapaswa kutambuliwa na TCU. Hata wakala halali, msomaji amuulize nani anayemlipa. Baadhi yao hupokea kamisheni kutoka vyuo vya nje kwa kila mwanafunzi wanayempeleka. Si kosa, lakini ushauri wa mtu wa namna hiyo utaelekea kwenye vyuo vinavyomlipa.

6. Gharama na ufadhili

Ada iliyotangazwa ni sehemu moja tu ya gharama. Mwombaji aandike orodha kamili: ada ya maombi, transkripti, mitihani ya lugha, pasipoti na viza, malazi, chakula, vitabu, gharama za kukusanya takwimu za utafiti, na kipato atakachokikosa akiwa masomoni. Anayedaiwa na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB) akumbuke kwamba akiajiriwa rasmi atakatwa asilimia 15 ya mshahara. Deni hilo liingizwe kwenye hesabu ya familia kabla ya kukopa kwingine.

Ufadhili wa kimataifa una masharti yanayotofautiana, na ni vema kuyajua angali mwaka wa pili. Ufadhili wa Chevening wa Uingereza hudai uzoefu wa kazi wa saa 2,800, ambao ni sawa na miaka 2 hivi, na humtaka mhitimu kurejea nchini kwake kwa angalau miaka 2. Kwa hiyo haumfai anayetaka kuunganisha masomo mara tu baada ya shahada ya kwanza. Shirika la DAAD la Ujerumani, kwa kawaida, hutazama kwamba shahada ya mwisho haijapita miaka 6. Yote mawili hayatozi ada ya maombi. Anayetozwa "ada ya kushughulikia maombi" ya Chevening au DAAD ajue papo hapo kwamba anatapeliwa.

7. Njia za mkato zinazouzwa

Msomaji asilipie huduma zifuatazo, hata zikija kwa maneno matamu kiasi gani:

- nafasi "ya uhakika" ya chuo au ufadhili, kwa kuwa uamuzi huo hauwezi kuahidiwa na mtu asiye kamati yenyewe;
- shahada inayotolewa kwa "uzoefu wa maisha" bila masomo;
- barua ya malengo au tasnifu ya kuandikiwa, ambayo programu za kubaini unakili na maswali ya usaili huweza kuifichua;
- malipo yanayoelekezwa kwenye namba binafsi ya simu badala ya akaunti au namba ya malipo ya taasisi, na
- ofa inayotaka ulipe "leo kabla ya saa kumi", bila kukupa nafasi ya kuuliza.

Kuna tofauti kati ya kuandikiwa na kusahihishiwa. Kumpa mhadhiri au mwenzako aisome barua yako na kukuonyesha palipo na udhaifu ni halali na inashauriwa.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha au kuhadaa katika biashara, na mlaji aliyepotoshwa anaweza kuwasilisha malalamiko Tume ya Ushindani (FCC). Palipo na wizi wa fedha, taarifa ipelekwe polisi. Ujumbe wa kitapeli wa simu upelekwe kwenye namba 15040. Katika hali zote, tunza stakabadhi, mkataba, ujumbe na namba iliyopokea malipo. Bila vielelezo hivyo, malalamiko ya haki huwa magumu kuyasimamia.

8. Ratiba fupi

*Mwaka wa kwanza:* fahamu kanuni za GPA za chuo chako. Fanya hesabu kila muhula.

*Mwaka wa pili:* linganisha majina kwenye vyeti. Jifahamishe kwa wahadhiri. Soma matangazo ya kazi. Chagua mahali pa mafunzo kwa vitendo panapohusiana na fani unayoikusudia.

*Mwaka wa mwisho, muhula wa kwanza:* chagua mada ya mradi kwa uangalifu. Andaa orodha ya programu tano au sita pamoja na tarehe zake za mwisho. Kumbuka kwamba maombi ya ufadhili wa nje hufungwa miezi mingi kabla masomo hayajaanza, wakati mwingine karibu mwaka mzima.

*Mwaka wa mwisho, muhula wa pili:* hakiki chuo na programu. Omba barua za wadhamini. Andika barua ya malengo mara tatu au nne.

*Baada ya matokeo:* chukua transkripti mapema; tuma maombi; hifadhi nakala ya kila unachotuma.

Maswali ya kujipima

1. GPA yako ya sasa ni ngapi, na unahitaji wastani gani katika krediti zilizobaki ili ufikie lengo lako?
2. Taja wahadhiri wawili wanaoweza kueleza kazi yako bila kufungua orodha ya darasa.
3. Je, majina yako yanafanana kwenye vyeti vyote?
4. Programu unayoitaka imeidhinishwa na nani, na umethibitisha kwa njia gani?
5. Mtu amekupigia simu na kusema umepata ufadhili ambao hukuuomba, lakini utume shilingi 80,000 za usajili. Utafanya nini kwanza?

Jibu la swali la tano ni fupi: usitume. Maswali manne ya kwanza yanahitaji muda zaidi, na mwanafunzi aliye mwaka wa kwanza au wa pili leo bado anao.